Saruji Iliyofuata Damu

Mwaka 1819 mwanaanatomia wa Paris, Gilbert Breschet, alichapisha kazi yake juu ya vena za uti wa mgongo. Alionyesha wavu mnene wa mishipa uliotanda ndani na nje ya pingili, kuanzia kiunoni hadi shingoni. Zaidi ya miaka 100 ilipita kabla hajatokea mtu wa kueleza wavu huo unafanya kazi gani.

Mtu huyo alikuwa Oscar Batson wa Philadelphia, Marekani. Alitaka kujua kwa nini saratani ya tezi dume huhamia mara nyingi kwenye mifupa ya mgongo. Alidunga dawa inayoonekana kwa eksirei katika vena ya uume wa maiti, akaiona ikiiacha njia kuu ya kwenda moyoni na kupanda kupitia uti wa mgongo. Akajaribu tena kwa kima aliyetiwa usingizi: tumbo lilipobanwa, dawa ilishika njia ileile. Vena hizo hazina vali. Damu ya miguuni huzuiwa na vali isirudi ilikotoka, lakini ya mgongoni huenda upande wowote, ikitegemea kama mtu anakohoa, anajikamua au amelalia tumbo. Batson aliyachapisha hayo mwaka 1940, na tangu hapo ramani ilikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kuisoma.

Wakati huo plastiki moja ngumu inayopitisha mwanga, iliyoanza kuuzwa Ujerumani miaka ya 1930 kwa jina la Plexiglas, ilikuwa imeshafika kwenye madirisha ya ndege za kivita na kwenye meno bandia. Huko Manchester, Uingereza, daktari wa mifupa John Charnley alitafuta kitu cha kuishikiza nyonga bandia ndani ya mfupa wa paja, na mkemia wa vifaa vya meno, Dennis Smith, akamshauri aijaribu plastiki hiyo. Charnley alianza kuitumia mwaka 1958. Hakuchoka kuwakumbusha wenzake kwamba haifanyi kazi ya gundi: inajaza nafasi na kujibana kwenye vitundu vya mfupa, basi.

Plastiki hiyo ikitumiwa hivyo huitwa saruji ya mifupa, nayo huja katika sehemu mbili, unga na kimiminika chenye harufu kali. Ukivichanganya, mwanzoni unapata uji mwepesi, kisha unanata, kisha unakuwa kama donge la udongo linalofinyangika, na ndani ya dakika kumi hivi umekuwa jiwe. Unapokaza hutoa joto. Chumba kikiwa na joto, hukaza upesi zaidi. Kwenye paja daktari ana nafasi ya kusubiri mpaka ishikike mkononi bila kunata, ndipo aisukume ndani ya mfupa.

Kwenye uti wa mgongo nafasi hiyo haipo. Mwaka 1984, mjini Amiens, Ufaransa, daktari wa upasuaji wa neva Pierre Galibert na mtaalamu wa picha za kitabibu Hervé Deramond walimhudumia mwanamke aliyeteswa na maumivu ya shingo. Pingili yake ya pili ya shingo ilikuwa imeliwa na uvimbe wa mishipa ya damu. Walipitisha sindano, wakaijaza pingili kwa saruji, na maumivu yakaisha. Taarifa yao ya 1987 ilifungua mlango: baada ya muda mfupi mbinu hiyo, vetebroplasti, ilikuwa ikitumika kwa wazee ambao mifupa imepungua nguvu hadi pingili zinabonyea kwa kuinama tu. Nani angemnyima mzee kama huyo nafuu ya siku moja?

Lakini ili ipite kwenye sindano, saruji lazima iwe nyepesi kuliko ile ya Charnley, na lazima isukumwe kwa nguvu ndani ya mfupa uliojaa uboho na damu. Ikikuta tundu la vena, haina cha kuizuia. Inatoka nyuma ya pingili, inaingia kwenye wavu wa Breschet, inafika kwenye vena kubwa ya tumbo, inapita upande wa kulia wa moyo na kukwama kwenye mapafu. Mwaka 1999 madaktari wa Ufaransa walieleza kisa cha mwanamke wa miaka 41 ambaye saruji ilifika mapafuni mwake kwa njia hiyo. Alipewa dawa za kuzuia damu kuganda, akapata nafuu. Dawa hizo haziyeyushi saruji, maana hakuna kinachoiyeyusha ndani ya mwili; kazi yake ni kuzuia damu isigande juu yake.

Sura inayonikera zaidi ni ya Marekani. Kampuni ya Synthes ilikuwa na saruji ya aina nyingine, yenye kalisi, iitwayo Norian. Majaribio ya maabara yalikuwa yameonyesha kwamba inagandisha damu, na nguruwe aliyedungwa kiasi kidogo alikufa, mapafu yake yakiwa na donge la damu. Hata hivyo, kati ya 2002 na 2004 kampuni iliisukuma itumike kwenye pingili zilizovunjika bila kibali. Wagonjwa watatu walifia kwenye meza ya upasuaji. Mahakama haikuamua kwamba saruji ndiyo iliyowaua, ila kampuni ilikiri makosa na kutozwa faini ya zaidi ya dola milioni 20, na mwaka 2011 wakuu wake wanne wakahukumiwa vifungo vya miezi. Kifo cha nguruwe yule kilitosha kuwazuia, kama wangetaka kuzuilika.

Swali la kama mbinu yenyewe inasaidia lilichelewa mno kuulizwa ipasavyo. Mwaka 2009 majaribio mawili yalilinganisha wagonjwa waliojazwa saruji na waliofanyiwa igizo tu: sindano ya ganzi, mkono wa daktari mgongoni, na kopo la saruji kufunguliwa ili harufu ienee chumbani. Makundi yote mawili yalipata nafuu ileile. Majaribio mengine yaliyofuata, hasa kwa mifupa iliyovunjika karibuni, yalileta matokeo mazuri zaidi, na mabishano yanaendelea.

Nchini Uholanzi watafiti waliwapiga picha za CT wagonjwa 54 waliokwisha kujazwa saruji. Chembe za saruji zilionekana mapafuni kwa 14 kati yao, yaani zaidi ya robo, na hakuna aliyekuwa ameona dalili yoyote. Wengi huishi nazo bila shida. Wachache hawana bahati hiyo. Mwaka 2021 madaktari wa Yale walieleza kisa cha mwanamume wa miaka 56 aliyefika na maumivu ya kifua wiki moja baada ya pingili yake kujazwa. Ujiti wa saruji wa takriban sentimita 10 ulikuwa umetoboa moyo na pafu la kulia. Waliutoa, wakashona moyo, na baada ya mwezi alikuwa karibu kupona kabisa.

Siku hizi madaktari makini husubiri saruji ifikie uzito unaofaa, huisukuma kidogo kidogo wakiangalia skrini ya eksirei, na huacha mara tu inapoonekana ikikimbilia kwenye mshipa. Kuhusu kumpiga kila mgonjwa picha ya kifua baadaye, hawajaafikiana. Mimi naona apigwe, na kabla ya kusaini fomu ya upasuaji aambiwe, kwa lugha anayoielewa, kwamba saruji inaweza kufika mapafuni, ili akianza kubanwa na pumzi nyumbani asijidhanie ana mafua.