Asili ya Usukani

Msomaji, ukiyaona magari madogo ya mashindano yanayoendeshwa kwa mawimbi ya redio, usifanye haraka kuyaita vitu vya kuchezea watoto. Gari la namna hiyo aghalabu huwa sehemu moja ya kumi ya ukubwa wa gari la kweli, na uzito wake haufiki kilo mbili. Lakini ndani yake mna fumbo lililowasumbua mafundi kwa zaidi ya miaka mia mbili: gari litakataje kona bila ya kuburura magurudumu yake wala kupinduka?

Fumbo hili waweza kulijaribu uwanjani. Waambie wenzako wawili wauzunguke mti wakiwa bega kwa bega. Yule wa ndani atapita duara dogo, na yule wa nje duara kubwa. Ndivyo yalivyo magurudumu mawili ya mbele. Yakigeuzwa kwa kiasi kilicho sawa, hayawezi kufuata maduara yao vema. Kwa hiyo gurudumu la ndani yapasa ligeuke zaidi kuliko la nje.

Hapo kale, katika magari ya farasi ya Ulaya, ekseli nzima ya mbele iligeuka juu ya msumari mmoja wa katikati. Kila ilipogeuka sana, magurudumu ya mbele yalisogea chini ya gari, nalo likakosa egemeo pana na kuwa jepesi kupinduka. Katika miaka ya 1750, daktari mmoja Mwingereza, Erasmus Darwin, aliyesafiri sana kwa gari akiwatazama wagonjwa wake, alibuni njia nyingine: ekseli itulie, na kila gurudumu ligeuke juu ya egemeo lake lenyewe. Lakini hakuchukua hati ya kuulinda uvumbuzi wake, na kazi yake haikuenea.

Baadaye Georg Lankensperger, fundi wa magari ya farasi mjini Munich, alibuni usukani wa namna hiyo. Wakala wake huko London alikuwa Rudolph Ackermann, mwuza picha na vitabu, naye ndiye aliyeandikisha hati ya Uingereza mwaka 1818. Basi tazama mambo ya dunia: mpaka leo mafundi huutaja usukani huo kwa jina la Ackermann, na wachache tu humkumbuka Lankensperger.

Hata hivyo uvumbuzi huo haukutumiwa na watu wote mara moja. Karl Benz, Mjerumani, alipopata hati ya gari lake la petroli mwaka 1886, gari hilo lilikuwa na magurudumu matatu, kwa kuwa hakuwa ameridhika na usukani wowote wa magurudumu manne. Mwaka 1893 ndipo alipopata hati ya usukani wake wenye maegemeo mawili, akaunda gari la magurudumu manne.

Sasa rudi kwenye gari letu dogo. Mwenye gari aweza kubadili vipande vyembamba vya usukani ili tofauti ya magurudumu mawili izidi au ipungue. Tofauti kubwa huweza kufaa katika kona kali za mwendo wa polepole. Katika mwendo wa kasi, uzito mwingi huelemea gurudumu la nje, na hesabu ya Lankensperger peke yake haitoshi tena. Chasisi nayo ina shauri lake. Bamba gumu la nyuzi za kaboni huitikia usukani upesi; bamba linalopindika kidogo husaidia magurudumu kuishika njia inayoteleza. Ukichagua wepesi wa kuitikia, huenda ukapoteza utulivu. Ukichagua utulivu, huenda ukachelewa konani.

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Kwa hiyo, msomaji, utakaposhika chombo chochote, jiulize maswali mawili. Ni nani hasa aliyekiunda, hata kama jina lake halikuandikwa juu yake? Na alipochagua faida hii, alikubali kupoteza nini? Mtu asiyejiuliza hayo hutumia kazi za wenzake kama kipofu. Ajiulizaye aweza siku moja kuongeza ya kwake.