Kutangaza tovuti ndogo: orodha zilikufa, hodi ikabaki

Leo naweka programu kando tuongee historia kidogo. Kila ninapomaliza kumtengenezea mtu tovuti, swali linalofuata huwa lile lile: "Sasa watu watanipata vipi?" Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini wahenga hawakuwa na mtandao. Tovuti nzuri isiyotajwa popote hutembelewa na mwenyewe tu.

Tangu mwanzo, mtu asiye na pesa nyingi za matangazo alikuwa na njia mbili: kuorodheshwa kwenye saraka za tovuti, na kuandika barua pepe. Ya kwanza imekufa, ya pili iko hai. Ukijua sababu, utajua pa kuweka nguvu zako.

Tuanze na saraka. Mwaka 1994 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Jerry Yang na David Filo, walianza kuorodhesha tovuti na kuzipanga kwa mada. Mwaka huo huo wakaiita orodha yao Yahoo. Kazi hiyo haikufanywa na mashine. Binadamu alifungua tovuti yako, akaisoma, kisha akaamua iwekwe wapi. Lakini maombi yaliongezeka kuliko wahariri. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, tovuti ya biashara ilitakiwa kulipa dola 299 kwa mwaka. Kwa mwenye duka dogo Nairobi, hizo zilikuwa zaidi ya shilingi elfu 20.

Mwaka 1998 Rich Skrenta na Bob Truel walianzisha saraka nyingine huko Marekani. Hii ilikuwa ya bure, na wahariri wake walijitolea. Netscape waliinunua mwaka huo huo, na wengi tukaijua kwa jina la DMOZ. Yeyote aliruhusiwa kuchukua orodha yake na kuitumia, na Google walijenga saraka yao juu yake kuanzia mwaka 2000. Ukikubaliwa mara moja tu, jina lako lilionekana kwingi. Shida ilikuwa kusubiri: mhariri wa kujitolea ana kazi zake nyingine, na ombi liliweza kukaa miezi bila jibu.

Ugonjwa uliingia kupitia viungo. Google walihesabu kiungo kama kura, kwa hiyo watu wakaacha kutafuta wasomaji wakaanza kutafuta viungo. Saraka zisizo na mhariri zikachipuka kama uyoga, na wauzaji wakaahidi kukuingiza kwenye mamia yao kwa ada ndogo. Hakuna aliyezisoma. Aprili 2012 Google walileta badiliko lililoitwa Penguin, likazishusha tovuti zilizotegemea viungo vya ujanja. Saraka ya Google yenyewe ilikuwa imefungwa mwaka 2011. Ya Yahoo ikafungwa mwishoni mwa 2014, na DMOZ Machi 2017.

Sasa tuje kwenye barua pepe. Mei 1978 Gary Thuerk, mfanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya DEC, aliwaandikia mamia ya watumiaji wa mtandao wa ARPANET akiwaalika waje kuona kompyuta mpya. Hakuna aliyekuwa amemwomba. Malalamiko yalimiminika, na wasimamizi wa mtandao wakamkemea. Ndiyo barua taka ya kwanza inayojulikana. Kufikia miaka ya 1990 biashara hiyo ilikuwa imepamba moto, maana kutuma barua elfu kumi hakukugharimu zaidi ya kutuma kumi. Aliyebeba gharama ni mpokeaji, na yule wa saiba kafe aliyelipia kila dakika aliilipia taka hiyo kwa pesa zake.

Hapa nina kisa changu mwenyewe, na sijivunii. Mwaka 2006 nilimtengenezea mama mmoja tovuti ya kuuza vyondo. Akaja na sidii aliyouziwa mjini, imejaa maelfu ya anwani. Nikamwambia, "Mama, hawa watu hawatujui." Akanijibu, "Mwanangu, sokoni asiyeita wateja hulala njaa." Nikaona haya kumkatalia, nikatuma. Siku ya tatu kampuni iliyohifadhi tovuti yake ikafunga akaunti kwa sababu ya malalamiko. Tovuti ikapotea, na pamoja nayo sanduku lake la barua. Ndani yake mlikuwa na wateja wa kweli, wachache, waliokuwa wamemwandikia wenyewe kuuliza bei. Kumi na mmoja, nakumbuka. Hatukuwapata tena hata mmoja. Tuliwapoteza waliobisha hodi kwetu kwa sababu ya kuvamia nyumba za wasiotujua.

Wakati huo somo hilo lilikuwa limeshaandikwa. Mwaka 1999 Seth Godin wa Marekani alitoa kitabu kiitwacho Permission Marketing, akieleza kwamba tangazo lililoombwa na msomaji lina thamani kuliko lile linalomkatiza. Marekani ikapitisha sheria ya CAN-SPAM mwaka 2003, ikaanza kutumika Januari 2004: usidanganye kuhusu mtumaji, weka anwani yako halisi, na mpe mtu njia ya kujiondoa. Sheria hiyo inakuruhusu kuanza bila kuombwa. Kenya ilichelewa lakini ikawa kali zaidi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka, kwa kawaida, uwe na idhini ya mtu kabla ya kutumia data yake kwa biashara.

Mitambo nayo imekaza kamba. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanawataka wanaotuma barua nyingi wathibitishe seva zao kwa SPF, DKIM na DMARC, waweke njia ya kujiondoa kwa kubofya mara moja, na wasizidishe malalamiko ya asilimia 0.3. Yaani barua tatu kati ya elfu moja zikilalamikiwa, uko pabaya.

Ndiyo maana nasema saraka ilikufa na barua pepe ikabaki. Saraka ilikuwa na thamani pale tu binadamu aliposoma na kusema karibu. Alipoondoka mhariri, ilibaki kuta tupu. Barua pepe nayo ingekufa kwa taka, lakini mpokeaji bado ana mlango wake na anaweza kuufunga.

Kwa hiyo ukiwa na tovuti ndogo leo, weka kisanduku kimoja cha anwani kwenye ukurasa, ueleze utatuma nini na mara ngapi. Tuma barua ya kwanza ya kumwomba athibitishe. Akitaka kutoka, mtoe siku hiyo hiyo bila kumuuliza kwa nini. Anwani ishirini za namna hiyo nazithamini kuliko ile sidii nzima. Na hizo SMS na WhatsApp za kutuma kwa jumla unazouziwa siku hizi? Ni sidii ile ile, imebadilisha nguo tu.

Haya, tuonane wakati mwingine.