Hempu na bangi: Mmea mmoja, majina mawili

WATU wengi wanaposikia kwamba mataifa ya kigeni hukuza hempu kwa ajili ya nguo, kamba na mafuta, hudhani huo ni mmea mbali na bangi. Ukweli ni kwamba zote ni spishi moja, ambayo mtaalamu wa Uswidi, Carl Linnaeus, aliiita Cannabis sativa mnamo 1753. Hempu isichanganywe na katani itokayo kwenye mkonge, ambao ni mmea wa jamii nyingine kabisa.

Kinachotenganisha pacha hawa ni kemikali iitwayo THC, ambayo ndiyo humlewesha mtumiaji. Katika hempu, kemikali hiyo ni haba mno. Katika maua makavu ya bangi ya kulevya, huweza kuzidi asilimia 10.

Kipimo cha asilimia 0.3 kilipendekezwa mwaka wa 1976 na wanasayansi Ernest Small na Arthur Cronquist, kwa nia ya kuainisha mimea tu. Baadaye watunga sheria walikigeuza kuwa mpaka wa kisheria, ikiwemo Marekani mwaka wa 2018.

Shambani, mkulima wa nyuzi huisonganisha mimea ili irefuke bila matawi mengi. Nyuzi hutolewa katika ganda la shina, na mbegu zikikuzwa hukamuliwa mafuta. Anayesaka ulevi huacha nafasi kubwa na kung'oa mimea dume, ili ile ya kike isichavushwe na maua yake yajae utomvu. Hata hivyo, jicho halitoshi kuamua. Jani ni lile lile, na ni maabara tu inayoweza kutoa jibu la hakika.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 kuhusu mihadarati hauhusishi mmea huu unapokuzwa kwa ajili ya viwanda pekee. Lakini sheria ya Kenya ya kudhibiti dawa za kulevya, iliyopitishwa 1994, haikuweka mpaka wa THC. Inataja mmea wowote wa jenasi hiyo, uitwe kwa jina lolote lile.

Basi mkulima anayeshawishiwa kununua mbegu kwa ahadi kwamba "hempu si bangi" atahadhari. Kimaabara, kauli hiyo ina msingi, lakini mbele ya hakimu haitamkinga.