Walimu Wawili wa Frere Town: Fikra juu ya Kufundisha Utunzi

Mara kwa mara husikika hoja kwamba mtunzi huzaliwa, hafundishwi. Kwa hiyo chuo kikuu kifundishe uhakiki, na utunzi kiuachie kipawa. Wenye hoja hiyo husahau yaliyotukia Kisauni.

Mwaka 1875 wamisionari wa Church Missionary Society walianzisha Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, iwe makao ya watu waliokombolewa utumwani. Katika jamii hiyo ndimo alimotoka James Mbotela, ambaye kitabu chake, Uhuru wa Watumwa, kilichapishwa London mwaka 1934. Wahakiki wengi hukihesabu katika mianzo ya hadithi ndefu ya Kiswahili.

Kitabu hicho kina walimu wawili. Wa kwanza ni wazee, ambao masimulizi yao ya kutekwa na kukombolewa yalimpa mwandishi maudhui. Wa pili ni skuli ya misheni, iliyompa kalamu. Lakini kalamu hiyo haikutolewa bure. Wahakiki wa baada ya uhuru wamekilaumu kitabu kwa kumsifu mno Mwingereza, na lawama hiyo ina msingi. Anayekufundisha kuandika hukufundisha pia namna ya kutazama.

Funzo hili latuhusu sisi wa vyuo vikuu. Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, kilianzisha warsha yake ya uandishi mwaka 1936. Taban lo Liyong alipata shahada ya uzamili huko mwaka 1968. Mwaka huohuo, Nairobi, yeye pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Henry Owuor-Anyumba walidai Idara ya Kiingereza ivunjwe, na fasihi ya Afrika, ikiwemo fasihi simulizi, iwekwe katikati. Aliyefunzwa ugenini hakurudi kuyarudia aliyofunzwa tu. Alihoji kitovu cha mafunzo yenyewe.

Basi taasisi ya utunzi ikijengwa pwani, isiwe Frere Town ya pili. Mwanafunzi afunzwe vina na mizani, muundo wa riwaya, na nidhamu ya kuandika upya. Lakini kando ya mhadhiri akae mzee wa Likoni au Changamwe, si kama kielelezo cha kuchunguzwa, bali kama mwalimu mwenye haki ya kusema: hapa umekosea. Walimu wawili wa Mbotela hawakukaa meza moja. Wa wanafunzi wetu hawana budi kukaa.