Falsafa ya Wanaume Peke Yao?

Wadau, juzi tulikuwa tunakunywa kahawa hapa Arusha, mshikaji mmoja akatamba kwamba falsafa ni kazi ya wanaume. Akataja Plato, Descartes, Kant. Nikamuuliza: huyo Descartes, unajua nani alimbana?

Ni Elisabeth, binti wa mfalme wa Bohemia. Mwaka 1643 alimwandikia barua: kama roho haina umbo, inawezaje kuusukuma mwili? Waliandikiana kwa miaka, lakini barua za Elisabeth zilichapishwa mwaka 1879! Mwingine ni Anne Conway wa Uingereza. Alifariki 1679, kitabu chake cha falsafa kikatoka 1690 bila jina lake.

Na kwetu je? Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate, mjane wa Bwana Mataka aliyetawala Siyu, alikuwa mgonjwa. Akamwita binti yake alete wino na karatasi, akatunga utenzi wa beti mia moja na ushee. Miaka kama miwili baadaye akafariki.

Wengi tunaujua kama utenzi wa kumtii mume. Kweli, hilo limo, na mimi sikubaliani nalo. Lakini mbona hata Descartes hatukubaliani naye kila kitu na bado tunamwita mwanafalsafa? Mwana Kupona anauliza mtu aishije na Mungu, na watu, na ulimi wake mwenyewe. Kisha anawaita wanawake wote wausome. Kama hiyo si falsafa, ni nini?

Sasa niseme aibu yangu. Niliwahi kwenda kijijini kwetu, huku Meru, kuwahoji wazee kuhusu Wameru waliohamishwa Ngarenanyuki mwaka 1951. Wazee wote niliowahoji walikuwa wanaume. Bibi yangu akaleta chai, akasimama kidogo, akauliza: ardhi ni ya anayeilima au ya anayezikwa ndani yake? Wazee wakacheka. Na mimi nikacheka, kinasa sauti nikakizima.

Lile swali ndilo pekee ninalolikumbuka siku ile. Bibi bado yupo. Jumamosi napanda Hiace ya Usa River, nashuka, namalizia na bodaboda. Safari hii chai nitachemsha mimi. Daftari ninalo.