Intavyu yangu ya kazi ilianza 1902

Mwaka jana niliitwa intavyu na kampuni moja kubwa ya nishati. Jina nitaliacha. Nafasi yenyewe ilikuwa ya msaidizi wa fundi. Chuo niliacha mwaka wa pili, sifichi, lakini nyaya nazijua. Usiku ule nilisoma transfoma, fyuzi na usalama wa kazini mpaka alfajiri.

Asubuhi nikakaa mbele ya jopo la watu watatu. Swali la kwanza: "Wewe ni wa wapi?"

Garissa.

"Hapana, wa wapi hasa?"

Garissa, Bulla Iftin.

"Na baba yako alizaliwa wapi? Kitambulisho ulipata lini? Mbona ulichelewa?"

Muda ukaisha hivyo. Transfoma hazikuguswa.

Kazi sikupata. Pengine waliochukuliwa walinishinda kweli, siwezi kupinga. Lakini niliporudi nyumbani na kumsimulia ayeyo wangu, alicheka, kisha akanyamaza. Akasema, "Mjukuu wangu, hiyo si intavyu. Hiyo ni skriningi."

Kama hujui skriningi ni nini, kaa hapa kidogo nikupeleke nyuma.

Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kufunga wilaya za pembezoni. Huku kwetu, ambako kuliitwa Northern Frontier District, mtu hakuingia wala kutoka bila ruhusa. Sheria nyingine ya 1934 ikakaza zaidi. Yaani babu akitaka kwenda kutafuta kazi upande wa pili wa nchi, kwanza ajieleze kwa ofisa: wewe ni nani, wa ukoo gani, unaenda kufanya nini.

Uhuru ukaja tarehe 12 Desemba 1963. Kabla mwezi huo haujaisha, sisi tukawekwa chini ya hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Shifta. Vita vilikoma 1967, lakini sheria zile za hatari zilikaa mpaka 1991. Hesabu mwenyewe. Mtoto aliyezaliwa 1963 alifika miaka 28 ndipo zikaondolewa.

Katikati ya hayo, 1965, serikali ikatoa sera ya uchumi, Sessional Paper Namba 10. Ilisema pesa za maendeleo ziende pale zitakapozalisha zaidi, yaani penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme tayari. Sisi tulikuwa na ngamia na jua. Jua halikuhesabiwa wakati huo.

Halafu 1989. Serikali ikaamuru Wakenya Wasomali wote watu wazima wapigwe msasa. Watu walipanga foleni, wakaulizwa ukoo, ukoo mdogo, jina la chifu, babu alizikwa wapi. Aliyefaulu alipewa kadi ya waridi ya kuthibitisha kwamba ni Mkenya. Ayeyo anayo mpaka leo, ndani ya sanduku. Ndiyo maana maswali ya lile jopo hayakumshangaza hata kidogo.

Baadaye vetingi ikabaki kwa vijana wanaoomba kitambulisho. Wenzetu kwingine walipeleka cheti cha kuzaliwa, sisi tuliketi mbele ya kamati. Na bila kitambulisho hakuna cheti cha polisi cha tabia njema wala PIN ya KRA. Tangazo la kazi lilifungwa wewe bado ukisubiri kuitwa. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais Ruto alitangaza kwamba vetingi hiyo imefutwa. Nilifurahi. Lakini karatasi inafutwa kwa siku moja, mazoea hayafutwi hivyo.

Sasa angalia hili. Desemba 2019 Rais Uhuru Kenyatta alifungua mtambo wa sola hapa Garissa: paneli zaidi ya 200,000, megawati zipatazo 50, zinaingia moja kwa moja kwenye gridi ya taifa. Mji huu ambao kwa miaka mingi uliendeshwa na jenereta za dizeli sasa unawasaidia wengine kuwasha taa. Jua letu lilipokelewa kwenye gridi, na hakuna aliyeliuliza lilizaliwa wapi.

Siombi kazi ya bure. Katiba ya 2010, kifungu cha 56, inataka jamii zilizoachwa nyuma zipewe nafasi maalum za ajira, lakini hata bila kifungu hicho ombi langu ni dogo. Niulizeni transfoma. Nikishindwa, nitaenda nyumbani nikijua nimeshindwa na transfoma.

Na wewe ndugu yangu wa huku unayejiandaa kwa intavyu: swali la "wa wapi hasa" likija, jibu mara moja, kwa heshima, bila kutetemeka. Kisha wakumbushe umekuja kufanya kazi gani. Ayeyo alijibu maswali yale ili apewe kadi. Wewe kadi unayo.