Mizani ya Mwenye Duka

Akina mama wa soko la Mgandini, Tanga, wakiniletea mikataba yao ya mikopo, riba naisoma baadaye. Kwanza natafuta mkopeshaji kashika nini. Mara nyingi ni kadi ya benki pamoja na namba yake ya siri. Mwenye vitu hivyo hana haja ya kwenda mahakamani, na sheria zetu za mikopo zimekuwa zikimsahau mtu wa namna hii kwa miaka mia moja.

Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika, hati ya udhamini ya Shirikisho la Mataifa ya 1922 iliwataka watunge kanuni kali dhidi ya riba ya kunyonya. Mwaka 1923 ikaja sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji. Asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika, hakuweza kumshtaki alipwe, isipokuwa mkataba uwe umeandikwa na kuidhinishwa na ofisa wa serikali.

Kwenye karatasi, mkulima alikingwa. Lakini tazama duka la kijijini lilivyofanya kazi. Mkulima alichukua chumvi, kaniki, mafuta ya taa, labda na jembe, kabla ya mavuno. Pamba ikiiva aliipeleka kwa mwenye duka yuleyule, ambaye ndiye aliyepima, ndiye aliyetaja bei, na ndiye aliyekata deni kutoka kwenye daftari lake. Hakimu angemsaidia nini mtu huyu? Mizani ilikuwa ya mwenye duka.

Aliyeumizwa na sheria ile ni Mwafrika aliyetaka kufungua duka lake mwenyewe. Biashara ya bara iliendeshwa kwa mali kauli: tajiri wa jumla wa Dar es Salaam anakupa majora ya nguo, unauza, kisha unalipa. Wafanyabiashara wa Kihindi walipeana hivyo kwa ujamaa na kuaminiana. Mwafrika alipoomba, tajiri alijua deni halidaiki, akataka fedha taslimu. Kenya nayo ilikuwa na sheria ya aina hiyo. Ya 1948 iliweka mpaka wa shilingi 200. Naiita dharau, kwa sababu ilimhesabu mtu mzima kuwa mtoto kwa rangi yake, halafu ikamwacha bila mtaji. Hata Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki ya 1953 hadi 1955, iliyoongozwa na Hugh Dow, ilishauri vizuizi hivyo viondolewe.

Kinga iliyofaa zaidi ilitoka kwa wakulima. Sheria ya vyama vya ushirika ilipitishwa 1932, na 1933 Wachaga wakawa na muungano wao wa ushirika, KNCU. Mkulima alipeleka kahawa kwenye chama chake, akapewa malipo ya awali, na baada ya mnada akamaliziwa. Ushirika ulikuwa na matatizo yake, na baadhi ya wanachama waligombana nao vikali, lakini mizani ilitoka dukani.

Leo tunayo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na kanuni za 2019 zinazowawekea wakopeshaji wasiopokea amana kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Novemba 2024 Benki Kuu ilipiga marufuku programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Nazipongeza hatua hizo. Ila mkopeshaji wa kausha damu, yaani mikopo ya riba ya kunyonya, anashika kadi, na wa programu anashika majina yote yaliyo kwenye simu yako, ampigie mkweo na shemeji yako akuaibishe.

Kwa hiyo ninapokaa na hawa akina mama nawafanyia hesabu mbili. Mkopo wa shilingi 200,000 kwa kikomo cha kanuni ni riba ya 7,000 kwa mwezi. Mkataba ukidai 60,000, tunajua pa kulalamika. Hesabu ya pili ni ya kadi. Tunakwenda benki pamoja, tunaifunga ile ya zamani, tunaomba mpya, kisha ndipo tunaandika barua ya malalamiko.